Jina Nyuma ya Kifuniko

Madam hakuwa mtu wa kupita kando ya shimo la erthi, pale waya wa usalama wa umeme unaposhuka ardhini, bila kulimwagia maji. Awe amevaa nguo za kanisani, awe amechelewa mkutano, akikiona kile kifuniko kidogo cha saruji karibu na ukuta wa jengo, lazima angesimama. Angewauliza wenyewe kama wana maji machafu. Maji ya kuoshea vyombo ndiyo aliyoyapenda zaidi, kwa sababu, alisema, yana chumvi kidogo. Akishamwaga, anarudisha ndoo kwa adabu na kwenda zake, huku mwenye nyumba akijiuliza huyu mama ametokea wapi.

Sisi wanafunzi wake tulikuwa tunajificha kwa aibu. Siku hizi mimi ndiye ninayeomba maji kwa watu, na binti yangu ndiye anayejificha.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sikuwahi kumuuliza, naye hakupenda kujieleza. Jina lake nalijua. Nimeliona limeandikwa kwa mkono wake mahali ambapo natamani nisingeliona. Lakini hapa nitamwita tulivyomwita. Alitufundisha umeme katika chuo cha ufundi mjini Machakos, mwanamke peke yake katika karakana ya wanaume, na mtu yeyote pale mjini akitaja Madam, ilijulikana ni yeye.

Mimi nilijiunga na chuo nikiwa na miaka thelathini na watoto wawili, wenzangu darasani wakiwa vijana waliotoka shule juzi. Siku ya kwanza nilikaa nyuma kabisa. Akaniona.

"Wewe mama, jina lako ni nani?"

"Mwende."

"Mwende, njoo hapa mbele. Kwani umekuja kuchungulia?"

Nikaenda mbele, na sikurudi nyuma tena mpaka nilipomaliza.

Alivaa ovaroli ya buluu juu ya rinda, na kichwani kitambaa kilichopigwa pasi. Mfuko wa kifuani ulikuwa na bisibisi, kalamu nene ya maka na peremende. Peremende zilikuwa za mwanafunzi aliyejibu vizuri, na pia za yule aliyekosea mpaka akatokwa na machozi. Kwa hiyo kila mtu alizipata, na baada ya muda hatukujua tena kama kupewa ni sifa au ni pole.

Somo lake lilikuwa moja. Ndiyo, alifundisha mambo yote yaliyo kwenye silabasi, lakini uliza mwanafunzi wake yeyote alijifunza nini, atakwambia: erthi. Ule waya wa kijani na manjano ambao hauwashi taa wala hauzungushi mota, na ambao fundi mwenye haraka huona kama mapambo. "Umeme ukikosa njia yake utatafuta nyingine ya kushuka chini," alikuwa anasema. "Usipoupatia waya, utapita kwa mama ya mtu." Hapo anatunyooshea kidole mmoja mmoja. "Mama yako. Mama yako. Mama yako." Darasa zima tunacheka, lakini usiku unalala ukimwona mama yako ameshika jiko la umeme.

Alikuwa na ugomvi wa kudumu na mwezi wa Aprili. Kipimo cha erthi, yaani namna udongo unavyoupokea umeme, hubadilika na unyevu. Aprili mvua imenyesha Ukambani, udongo umelowa, na hata kipande cha chuma kilichochomekwa ovyo kinatoa kipimo cha kupendeza. Basi mafundi wengi hupeleka wakaguzi Aprili. Madam alikataa kabisa. "Usinipimie Aprili," alisema. "Aprili kila mtu ni mzuri. Nipimie Oktoba, hiyo ardhi ikiwa imepasuka na ng'ombe wamekonda, ndio tujue kazi ni ya nani." Alikuwa anatumia maneno hayo hata kwa mambo yasiyo ya umeme. Msichana mmoja wa darasa letu alipomletea habari kwamba ameposwa, Madam alimkumbatia, akamwuliza, "Na huyo kijana umempima Oktoba?"

Haki nampenda yule mama hata sasa ninapoandika.

Na alikuwa na vituko vyake. Mwalimu wa umeme, lakini alipika kwa kuni juu ya mafiga matatu, akidai muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, wa kupikwa kwa umeme haupikiki, unachoshwa tu. Mwalimu wa umeme, lakini ngurumo zikianza anafunika kioo kwa leso, anavaa gamubuti na kuketi kitandani mpaka mvua ikatike. Nilimkuta hivyo mara moja. Nikamwuliza, "Madam, si nyumba yako iko na erthi nzuri kuliko zote Machakos?" Akanijibu, "Iko nayo. Lakini huyo wa juu hajasoma silabasi."

Uongo aliuchukia, hasa wa kwenye karatasi. Kwa mdomo alijiruhusu kidogo. Alidanganya umri wake mbele ya watu. Alidanganya kwamba ameshiba, chakula kikiwa kichache. Lakini mpe fomu, mpe kitabu cha ukaguzi, hapo hata baba yake mzazi hangembembeleza. Nje ya chuo alikuwa pia akikagua kazi za umeme, na sahihi yake ilikuwa inaogopwa na makontrakta kutoka mjini mpaka Athi River, kwa sababu hakutia sahihi kabla ya kufungua kila kifuniko na kutazama kwa macho yake.

Na hapo ndipo ilipotoka ile desturi ambayo wanafunzi wake wote tunaibeba. Ukimaliza kufunga kazi yoyote, kabla ya kurudisha kifuniko, unachukua kalamu ya maka na kuandika jina lako kwa ndani. Siyo herufi za mwanzo. Jina lote. Halafu unangoja wino ukauke ndipo ufunge. Hakuna sheria ya serikali inayosema hivyo. Ni sheria ya Madam. "Siku moja mtu atafungua hapa akiwa na shida," alisema. "Ajue ni nani wa kuuliza. Na ukiona mkono wako unakataa kuandika, hiyo kazi ifungue uanze tena."

Nimesema haya yote kwa mzunguko kwa sababu naogopa kufika ninakokwenda. Wacha nifike.

Kulikuwa na kiwanda cha nguo Athi River, cha wageni, kilicholeta cherehani na pasi kubwa za mvuke kutoka nje. Mashine zile hazikutaka umeme wetu kama ulivyo, zilitaka uliopunguzwa. Kwa hiyo zikawekwa transfoma nne za kupunguza, ndani ya chumba kimoja, zimepangwa ubavu kwa ubavu. Madam ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia erthi, akanichukua mimi, mwanafunzi wake wa mwaka wa mwisho, niifanye kwa mikono yangu.

Kanuni yake ni nyepesi, hata asiye fundi ataielewa. Ukutani kuna kipande kirefu cha shaba, na hicho ndicho kinachoshuka hadi shimoni. Kila transfoma inatengeneza umeme wake yenyewe, kwa hiyo kila moja inapaswa kuwa na waya wake wa kufika kwenye ile shaba. Nne, waya nne. Iko njia ya mkato: unafunga ya kwanza kwenye shaba, ya pili unaifunga kwa ya kwanza, ya tatu kwa ya pili, ya nne kwa ya tatu. Ukipima, kipimo ni kizuri kabisa. Lakini siku utakapoiondoa moja, zote za nyuma yake zinabaki hazina chochote, na hakuna atakayejua mpaka mtu aguse. Madam alitukataza hiyo njia mpaka ikawa kama amri ya kumi na moja.

Siku ile yeye alikuwa amekwenda mazishini Kivaa. Aliniacha na bunda moja la waya lililotosha kazi bila kubaki. Mimi nikapima urefu kutoka kila transfoma hadi kwenye shaba, nikakata vipande vinne, nikajisifu kimoyomoyo. Nilipoanza kufunga ndipo nikaona. Nilikuwa nimepima moja kwa moja hewani, kama ndege anavyoruka. Nilisahau kwamba waya hupanda ukuta, huzunguka mlango, hushuka tena. Vipande vyote vinne vilikuwa vifupi. Na waya wa erthi, kwa Madam, hauungwi katikati. Hauungwi hata kidogo.

Nikakaa sakafuni nikavitazama. Mwanafunzi wake wa mfano, yule anayetajwa darasani, nimekata waya kama mtu anayekata kamba ya kuanikia nguo. Ningeweza kumngoja nimwambie. Badala yake nikaona kwamba kile kirefu kuliko vyote kinafika kutoka transfoma ya kwanza hadi kwenye shaba, na vingine vinatosha kabisa kutoka transfoma hadi transfoma.

Alirudi alasiri, vumbi la Kivaa limejaa kwenye viatu, macho yamevimba kwa kulia. Akasimama mlangoni.

"Mwende, kila moja iko na njia yake?"

"Ndiyo, Madam."

Akapima. Kipimo kizuri. Akaviangalia vifuniko, akaniangalia mimi, akasema, "Leo nimechoka, na wewe nakujua." Akatia sahihi bila kufungua hata kimoja.

Nyuma ya kifuniko cha transfoma ya kwanza, pale jina langu lilipopaswa kuwa, hapakuwa na kitu. Kalamu nilikuwa nimeitoa mfukoni, nikairudisha.

Kiwanda kikaniajiri. Kwa miaka minne nilikuwa nikipita mbele ya chumba kile nikijiambia nitarekebisha Jumapili moja kiwanda kikifungwa. Jumapili zilikuwa nyingi. Nilikuwa na watoto, nilikuwa na kanisa, nilikuwa na sababu. Kisha asubuhi moja transfoma ya pili ikaanza kunguruma na kutoa harufu. Kulikuwa na oda ya haraka, watu wananikimbiza, nikaifungua nati kwa nati, ikatolewa kwenda kutengenezwa. Umeme ukarudishwa kwa zile nyingine. Sikukumbuka. Naapa sikukumbuka kwamba ya tatu na ya nne zilitegemea waya wa ile niliyoitoa, mpaka niliposikia ukelele kutoka upande wa pasi.

Alikuwa Kalekye, mama mmoja mpole anayepiga pasi kola za mashati, amesimama kwenye sakafu yenye majimaji ya mvuke. Pasi yake, iliyolishwa na transfoma ya tatu, ilimrusha. Alianguka juu ya mkono wake ukavunjika. Tunashukuru Mungu aliishi, lakini mkono ule haunyooki vizuri hadi leo, na sasa amehamishiwa kwenye vifungo.

Meneja akamwita Madam aje achunguze, kwa sababu sahihi ilikuwa yake. Alikuja na ovaroli yake ya buluu. Akatuomba sote tutoke nje. Alikaa chumbani peke yake kama nusu saa hivi, sisi tumesimama kwenye korido. Alipotoka hakunitazama. Alimwambia meneja, "Hii kazi ni yangu. Mimi ndiye niliikosea. Huyu Mwende aliifungua tu kama alivyoambiwa na oda yenu." Wakamletea karatasi akaandika hivyo hivyo.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa na mdomo. Sikuufungua.

Jioni nikatumwa niweke waya mpya, nne, kila moja na wake. Nilipofungua kifuniko cha kwanza nikaliona jina lake pale palipokuwa patupu, kwa wino mbichi, limeandikwa lote. Ndipo nikajua kwamba amejua. Ile nafasi iliyokosa jina ndiyo iliyomwambia.

Kiwanda hakikumwita tena. Chuo, ambako alikuwa akifundisha vipindi vichache baada ya kustaafu, kikapata mwalimu mwingine. Na watu wa mjini, we, watu wa mjini! "Si ni yule Madam wa erthi? Kumbe yeye mwenyewe!" Nilikuwa nayasikia hayo kwenye foleni ya duka la vifaa vya umeme, nalipia balbu zangu na kuondoka. Kwa miaka mitatu nilimtumia sukari na salamu kwa watu wengine. Mimi mwenyewe sikukanyaga kwake.

Oktoba iliyopita akanipigia simu, akanisalimu kwa Kikamba.

"Wakya, Mwende."

"Aa, Madam."

"Ni Oktoba. Magoti yangu hayanisikii tena, siwezi kuinama. Njoo unipimie erthi yangu."

Anakaa Katelembo, nyumba ya mawe yenye ua wa minyaa. Nilimkuta uani ameegemea fimbo aliyoitengeneza kwa bomba la kupitishia nyaya. Amepungua. Kitambaa cha kichwani bado kilikuwa kimepigwa pasi. Hakuniuliza nilikuwa wapi; aliniambia tu kifaa kiko mezani na mashahidi wake wawili, ndivyo alivyoziita zile fito za kupimia, wako nyuma ya mlango.

Nikachomeka fito kwenye udongo mgumu, nikaunganisha nyaya, nikapima. Kila mahali pamekauka hadi majani yanavunjika, lakini kipimo cha shimo lake kilikuwa kizuri kuliko vingi ninavyoviona Aprili. Nikamsomea. Akacheka kwa furaha, meno machache. "Ni maji ya sahani hayo! Miaka yote hiyo, kila jioni!"

Na mimi nikaanza kulia, hapo hapo nimepiga magoti kwenye mavumbi.

"Madam, ni mimi. Ile ya Athi River. Nilikata waya fupi, nikaogopa kukwambia."

"Fupi kiasi gani?"

Kati ya maswali yote ya dunia, hilo ndilo aliloniuliza. Nikamwonyesha kwa mikono.

"Ulisahau kupanda ukuta," akasema.

"Nilisahau kupanda ukuta."

Akatingisha kichwa polepole. Nikamwuliza kwa nini aliandika jina lake pale. Akakwaruza ardhi kwa fimbo.

"Kwa sababu nilitia sahihi bila kufungua. Hilo ni kosa langu, na ningeliandika hata kama wewe ungesema. Lakini nilisema pia kwamba kazi yote ni yangu, kwa vile ulikuwa na watoto wawili, na nilikuwa nakupenda. Hapo ndipo nilikosea mara ya pili. Nilidhani nakusaidia. Kumbe nilikufunga kwangu mimi badala ya kukuacha ushuke kwa waya wako mwenyewe. Angalia ulivyokonda."

"Nikafute jina lako, Madam? Nikafute niandike langu?"

"Ati ufute?" Alikasirika kweli, ile hasira ya karakana. "Langu liache palipo. Wewe andika lako kando. Lakini usianze na kifuniko. Anza na Kalekye."

Akatia mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa kalamu ya maka, akajaribu ncha yake kwenye kucha ya kidole gumba kuona kama bado inaandika. Akanipa. Akatoa na peremende, akanipa. Halafu akaniambia niingie jikoni nichukue beseni la maji ya vyombo, nimwage shimoni kabla sijaondoka.

Jumatatu nilimwendea Kalekye wakati wa chai. Nilimweleza yote, tangu waya hadi korido. Aliendelea kushona kifungo mpaka kikakazika, akakata uzi kwa meno.

"Miaka mitatu umekuwa ukiniletea chai na andazi," akasema. "Mimi nilidhani ni urafiki tu."

"Ulikuwa urafiki pia."

"Sijui, Mwende. Wacha nifikirie." Bado anafikiria. Chai anaipokea.

Kutoka kwake nilikwenda kwa meneja, nikamweleza yale yale. Aliandika kurasa mbili, akaniambia nitaitwa, na mpaka ninapoandika haya sijaitwa. Nilimwomba kitu kimoja tu: aandikie chuo barua kueleza kazi ile ilifungwa na nani. Akakubali. Niliisoma, nikampelekea Madam nakala, naye akanirudishia ikiwa na makosa mawili ya tahajia yaliyozungushiwa duara.

Halafu nikaenda chumbani. Nikazima umeme, nikafungua kifuniko cha transfoma ya kwanza. Jina lake lilikuwepo, wino umefifia kidogo kwa joto. Kando yake palikuwa na nafasi ya kutosha, kama mtu aliyeandika akijua kuna mwingine atakuja. Nikaandika langu, lote. Nikasimama pale na kifuniko mkononi, nikangoja wino ukauke.